Cyangugu: Mji Wenye Majina Mengi

Magazeti ya kila namna hupenda kuwaburudisha wasomaji kwa maajabu ya miji ya Marekani, wala hapana ubaya, kwa kuwa maajabu yenyewe hayana haja ya kutiwa chumvi. Katika jimbo la New Mexico umo mji uliokuwa ukiitwa Hot Springs, ambao mwaka 1950 ulilitupa jina lake la asili ukajiita Truth or Consequences, kwa sababu tu kipindi cha redio chenye jina hilo kiliahidi kutangazwa kutoka mji wowote utakaokubali kubatizwa upya. Huko Alaska upo mji wa Whittier, ambao karibu wakazi wake wote huishi ndani ya jengo moja refu, hata mtoto aweza kwenda shule pasipo kuhisi baridi ya nje. Katika Nebraska kimo kijiji cha Monowi, ambacho hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilimkuta humo mkazi mmoja tu, mama mzee aliyekuwa meya, karani na mlipa kodi kwa wakati mmoja. Nayo Kansas City iliyo kubwa haimo katika jimbo la Kansas, bali imo ng'ambo ya mpaka, katika Missouri.

Katika nyumba moja ya Kamembe, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Kivu, baba mwenye nyumba alikuwa na desturi ya kuwatega watoto wake kwa maswali ya namna hii kila jioni, huku mama yao akikaanga sambaza na moshi wa mafuta ukitafuta njia ya kutokea dirishani. Watoto walikuwa hodari. Waliijua Kansas City na Monowi, wakajua hata kwamba mto wa Chicago uligeuzwa mwaka 1900 ukaanza kwenda kinyumenyume. Jioni moja ya mwaka 2010, bibi yao aliyekuwa ameketi kando akichambua maharage aliinua uso, akauliza, "Na mimi je, nilizaliwa mji gani?"

"Rusizi, bibi," akajibu mdogo, maana alikuwa amekiona kitambulisho kipya cha bibi, nacho kilitolewa Rusizi.

"Sivyo," akasema mkubwa wake. "Cheti cha ndoa cha bibi kinasema Cyangugu."

Bibi akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akafungua humo kadi ya ubatizo iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Mjukuu mkubwa akaisogeza karibu na taa, akasoma kwa shida: Shangugu. Watoto wakacheka sana. Mtu mmoja, karatasi tatu, miji mitatu! Hili lilikuwa jambo la kushinda Marekani yote. Baba yao peke yake hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa ameiona kadi ile, na kesho yake mama yake alikuwa akitarajiwa kurudi kwa mara ya tatu katika ofisi ambayo tayari ilikuwa imemrudisha mara mbili mikono mitupu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Bibi alikuwa na kaka mmoja tu, aliyemzidi umri kwa miaka kama kumi. Kaka huyo alifariki akiwa mjane asiye na mtoto, akaacha kishamba cha kahawa upande wa Mibirizi. Wakati huo kazi ya kuandikisha ardhi ya Rwanda nzima ilikuwa imekwisha kuanza, kazi iliyoanza kote nchini mwaka 2009, na kila kipande cha udongo kilikuwa kikitafutiwa jina la mwenyewe. Bibi alitakiwa kuonyesha kwamba yeye na marehemu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Karatasi pekee aliyokuwa ameiacha marehemu ilikuwa kadi ya kazi ya mwaka 1951, ya enzi alipokuwa mpishi wa Mzungu. Kadi ilisema kwamba mwenyewe alizaliwa Shangugu, Ruanda-Urundi, na kwamba kadi imetolewa Costermansville. Karani wa ofisi ile alikuwa kijana mwenye adabu, aliyehamishwa kutoka mwisho mwingine wa nchi. Aliitazama kadi, akakitazama cheti cha ndoa cha bibi kilichoandikwa Cyangugu, akavilinganisha kwa uangalifu wote aliofundishwa, kisha akauliza kwa upole, "Bibi, huyu kaka yako alikuwa raia wa nchi gani?"

Mtu asije akamlaumu kijana huyo upesi. Ni watu wangapi waliozaliwa baada ya uhuru wanaoweza kusema Costermansville ilikuwa wapi? Nayo ofisi haiwezi kuamini kila mzee anayedai shamba. Lakini bibi naye alikuwa na kosa lake, nalo lilitokana na hofu. Kadi ya ubatizo alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, imefungwa kifuani, akaogopa kuitoa. Aliona kwamba majina mawili tayari yamemchanganya karani, basi la tatu lingemfanya aonekane mwongo.

Jina la Shangugu halikuwa mji mwingine. Lilikuwa ni sikio la Mzungu. Katika Kinyarwanda herufi za mwanzo za Cyangugu hutamkwa karibu na "ch" ya Kiswahili, na mgeni wa kutoka Dar es Salaam au Mombasa ambaye hajui hilo hujikuta akisema "Siangugu", watu wakamtazama. Wazungu wa zamani waliandika walichodhani wamekisikia, na ramani za enzi yao zikajaa Shangugu. Baadaye tahajia ya Kinyarwanda ilipotengenezwa vizuri, jina likarudishiwa mavazi yake. Hata hivyo karatasi zilizokwisha kupigwa muhuri hazikurudi kusahihishwa, zikabaki katika masanduku na vifundo vya wazee, kila moja ikishuhudia mji wake.

Jina la tatu lilikuja na mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Mikoa ya zamani ilivunjwa, ikaundwa minne pamoja na Mji wa Kigali, na mkoa wa Cyangugu ukaingia ndani ya Mkoa wa Magharibi, ukigawanyika kuwa wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Mwaka huohuo Butare ikaanza kuitwa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu, Ruhengeri ikawa Musanze, Gitarama ikawa Muhanga, Kibuye ikawa Karongi, na Byumba ikawa Gicumbi. Abiria aliyelala kwenye basi akaamka mwaka uliofuata angedhani amevuka mpaka. Wenyeji wengi lakini hawakuyaacha majina ya zamani midomoni, na hata leo mtu aweza kuishi Rusizi kwa mujibu wa serikali, akafanya biashara Kamembe kwa mujibu wa soko, na kuzikwa Cyangugu kwa mujibu wa jamaa zake.

Huye ndiyo yenye historia ndefu zaidi ya kubadili nguo. Wabelgiji waliiita Astrida kwa heshima ya malkia wao Astrid; uhuru ulipofika mwaka 1962 ikarudi kuwa Butare; mwaka 2006 ikawa Huye. Wakati wa uhuru wengi walidhani mji huo wenye shule kubwa ndio utakaokuwa makao makuu, kwa kuwa Kigali ilikuwa kituo kidogo kilichoanzishwa na Mjerumani Richard Kandt kati ya mwaka 1907 na 1908, na bado ilikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Kigali ikachaguliwa kwa kuwa katikati ya nchi. Kusini yake, Bujumbura nayo ilikuwa Usumbura hadi mwaka 1962, ikaongoza Burundi miaka mingi, kisha mwaka 2019 cheo cha makao makuu ya siasa kikapewa Gitega. Upande wa Kenya, wenyeji wa Eldoret waliizoea kuiita Sisibo, na mgeni hawezi kubahatisha asili yake hata akikesha: mji ulianzia kwenye shamba namba 64, na "sisibo" ndivyo namba hiyo ya Kiingereza ilivyotua katika ulimi wa wenyeji. Kampala ni kilima cha swala. Entebbe ni kiti. Nairobi ni maji baridi ya Wamaasai, ambayo gari la moshi lilisimama kando yake mwaka 1899 na mji ukaota.

Ama Costermansville, huo ndio Bukavu. Mtu akisimama Cyangugu penye daraja, Bukavu iko mbele ya macho yake, nyumba zake zimepangana juu ya rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono uliotumbukizwa majini. Wabelgiji waliupa mji huo jina la Paul Costermans, ofisa wao mkubwa katika Kongo aliyefariki mwaka 1905. La kushangaza ni kwamba jina hilo halikungojea uhuru kuondoka. Stanleyville, Elisabethville na Léopoldville ziliendelea na majina yao hadi mwaka 1966, zilipokuwa Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa. Lakini Costermansville ilirudishiwa jina la Bukavu katika miaka ya 1950, na Wabelgiji wenyewe wangali wakitawala. Kwa hiyo ni kizazi kimoja tu cha watu kilichopata kuwa na kadi za kazi za mji huo, nacho ndicho kizazi cha yule mpishi.

Mpaka unaotenganisha miji hii miwili nao si wa kale kama watu wanavyodhani. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, upande wa Rwanda, na jeshi la mfalme lilipowashambulia likashindwa na bunduki. Kisha Wajerumani na Wabelgiji wakagombania ziwa kwa miaka, hadi walipokaa mezani Brussels mwaka 1910 wakakubaliana mstari upite katikati ya maji na kuufuata mto. Kisiwa kikubwa cha Ijwi kikaangukia Kongo. Kisiwa kidogo cha Nkombo kikabaki Rwanda, na hadi leo watu wake, ambao ni Wanyarwanda wa wilaya ya Rusizi, husema nyumbani lugha iliyo jirani na Kihavu na Kishi cha ng'ambo. Katika nchi ambayo hujivunia kuelewana kwa lugha moja kutoka mpaka hadi mpaka, Nkombo ni fumbo ambalo watoto wengi wa Kigali hawajapata kulisikia.

Hata mto wenyewe una majina mawili. Rwanda huuandika Rusizi. Kongo huuandika Ruzizi. Maji hayajali. Hutoka ziwani penye kimo cha mita 1,460 hivi, yakaporomoka karibu mita 700 katika safari ya kilomita zaidi ya mia moja, mpaka kuingia Ziwa Tanganyika karibu na Bujumbura. Ndiyo sababu watu waliona mapema kwamba maporomoko hayo yanafaa kuzalisha umeme: mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1958, wa pili mwaka 1989 kwa ushirika wa Rwanda, Burundi na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Taa ya jikoni Bujumbura na taa ya jikoni Bukavu zaweza kuwa zimewashwa na tone lilelile.

Hapa ndipo Chicago inapopata mshindani. Wamarekani waligeuza mto wao kwa mfereji, ili taka za mji zisiingie katika ziwa wanalokunywa maji yake, na dunia nzima ikastaajabu. Lakini Ziwa Kivu lote liligeuzwa kabla ya hapo, pasipo mhandisi wala kodi. Zamani za kale maji yake yalikwenda kaskazini, upande wa mto Nile. Milima ya moto ya Virunga ilipoinuka ikaziba njia kwa mawe yaliyoyeyuka, ziwa likajaa, likatafuta mlango mwingine, likaupata kusini, hapohapo Cyangugu. Bila volkeno zile, penye daraja leo pasingekuwa na mto wa kuvuka. Na mvua inyeshayo juu ya paa za Kamembe hupitia Tanganyika na mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki, ilhali ile inyeshayo mwendo mfupi tu upande wa mashariki, nyuma ya kilele cha msitu wa Nyungwe, huenda Misri.

Akina mama wanaokaanga sambaza wangefaa kujua jambo jingine. Samaki hao wadogo, wanaouzwa kwa mafungu sokoni Kamembe na ambao bila hao jioni nyingi zingekuwa za mboga tupu, si wenyeji wa Kivu hata kidogo. Ziwa hili lilikuwa maskini wa samaki, kwa kuwa maji yake ya chini yamejaa gesi na hayana hewa ya kuvuta kiumbe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji waliwachukua vijisamaki wa jamii ya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika, wakawamwaga Kivu. Wakazaana. Leo wavuvi hutoka jua likizama na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakawasha taa kuwavuta, wakavua hao wageni waliohamia bila cheti cha kuzaliwa. Bibi yule alipoambiwa habari hii na mwanawe, alisema kwamba alikumbuka utoto usiokuwa na sambaza, lakini alidhani ni umaskini wa nyumba yao tu.

Na kahawa pia. Mibirizi, pale kilipokuwa kishamba cha marehemu, ilipata misheni ya Wakatoliki mwaka 1903, na mwaka uliofuata miche ya kahawa ikapandwa hapo, ikiwa ya mwanzo kabisa katika Rwanda. Mbegu mojawapo iliyoenea kutoka hapo yaitwa Mibirizi, na wataalamu wa kahawa duniani hulijua jina hilo, ijapokuwa wengi wao hawajui kama ni kijiji. Baba na mama wa bibi walibatizwa kwenye misheni hiyo, na watoto wao vilevile. Ndiko ilikotoka kadi.

Msafiri anayependa mambo ya ajabu angeweza kukaa Rusizi juma zima. Ashuke Bugarama, kwenye joto la mpunga na kiwanda cha saruji kilichojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1980, akajikute mahali pa chini kuliko pote Rwanda, mita 950 hivi, Burundi na Kongo zote ziko karibu. Apande Kamembe, akauone uwanja wa ndege, na ajue kwamba ndio ulio karibu zaidi na katikati ya Bukavu, kwa kuwa uwanja wa Bukavu wenyewe uko Kavumu, kilomita kama thelathini kutoka mjini. Atazame saa yake pia. Akitoka Tanzania kwa daraja la Rusumo, alirudisha saa nyuma kwa saa moja, na dereva akahamia upande wa kulia wa barabara. Akivuka hapa Rusizi kwenda Kongo habadilishi kitu. Bukavu ina saa moja na Kigali, bali imetofautiana na makao makuu yake yenyewe, Kinshasa, yaliyo nyuma kwa saa nzima.

Kuna mji mmoja Marekani ambao watu wa Cyangugu wangeuelewa kuliko yote, nao ni Derby Line, katika jimbo la Vermont. Mji huo umeungana na Stanstead ya Kanada, na mwaka 1904 raia wa huko walifungua maktaba iliyojengwa makusudi juu ya mpaka. Mstari mweusi umechorwa sakafuni. Msomaji aweza kuketi Marekani na kusoma kitabu kilichoko Kanada. Kwa zaidi ya miaka mia moja Wakanada waliingia kwa mlango wa mbele, ulio upande wa Marekani, bila kuulizwa neno. Mwaka 2025 wakubwa wa Marekani wakaanza kuibana njia hiyo. Basi hata huko, ambako jirani na jirani wanatumia maktaba moja, mstari wa sakafuni ukikasirika huwa mstari kweli.

Daraja la Rusizi limeona hayo kwa uzito mwingine. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokuwa wamekusanywa katika uwanja wa mpira wa Kamarampaka mjini Kamembe walitolewa humo na kuuawa; na katikati ya mwaka huo umati mkubwa ukavuka kwenda Bukavu. Uwanja huo ungali ukiitwa hivyo. Kamarampaka ndilo neno ambalo Wanyarwanda huitia kura ya mwaka 1961 iliyouondoa ufalme, na yawezekana ni viwanja vichache duniani vilivyopewa jina la sanduku la kura. Vijana wanaocheza hapo Jumapili wengi hawaulizi. Na tarehe 3 Februari 2008, Jumapili pia, tetemeko la ardhi liliitikisa Bukavu na Rusizi kwa dakika ileile, likaua watu zaidi ya 30 upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa ibadani. Nyumba ya bibi ilipasuka ukuta mmoja. Katika haraka ya kutoka alichukua kitu kimoja tu, kile kitambaa chenye fundo.

Asubuhi ya safari ya tatu, mwanawe alimsindikiza. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya mara mbili za kwanza, na hilo lilimchoma njia nzima. Walipofika, karani aliwapokea vizuri, akatandaza karatasi mezani. Sasa zilikuwa nne: kadi ya kazi ya Costermansville, cheti cha ndoa cha Cyangugu, kitambulisho cha Rusizi, na kadi ya ubatizo ya Shangugu. Kadi ya ubatizo ilikuwa na majina ya baba na mama, sawasawa na yale yaliyokuwa kwenye kadi ya mpishi. Karani alifurahi kuyaona majina ya wazazi, lakini miji ilimshinda. Aliwaza, akasema kwamba labda ingefaa kuandika barua kuuliza makao makuu.

Tarishi wa ofisi, mzee aliyebakiwa na mwaka mmoja kustaafu, alikuwa mlangoni na birika la chai. Alinyoosha shingo akasoma kadi juu ya bega la karani. Hakusema kitu. Aliliweka birika chini, akamshika kijana mkono, akampeleka dirishani. Kulikuwa kumepambazuka vizuri baada ya mvua, na ng'ambo ya maji paa za Bukavu ziling'aa moja moja.

"Hiyo ndiyo Costermansville, mwanangu," akasema. "Na hapa uliposimama ndipo Shangugu."

Karani alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajiwa kuuona mji. Kisha alirudi, akaketi, akachukua kalamu. Alidai wazee wawili wa jirani waje kushuhudia, kama sheria ilivyotaka, na wazee wakaja siku ya nne. Kazi haikwisha siku hiyo wala mwezi huo. Msimu mmoja wa kahawa ulivunwa na mtu asiyejulikana kabla shamba halijaandikwa kwa jina la bibi, na bibi alilisikitikia hilo zaidi ya usumbufu wote wa ofisini, kwa kuwa kaka yake alikuwa hodari wa kupogoa matawi na mwaka ule miti ilikuwa imebeba sana.

Hati ilipotoka hatimaye, baba aliileta nyumbani jioni, wakati wa maswali. Ilipitishwa kutoka mkono hadi mkono juu ya sahani za sambaza. Mjukuu mkubwa, yule mwenye macho makali, aliisoma mpaka mwisho, akanyamaza, akamwonyesha baba yake kwa kidole. Mahali pa wilaya aliyeandika alikuwa ameandika Ruzizi, kwa zeti mbili, kama waandikavyo Wakongo.

Baba aliitazama zeti ile. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa akitabasamu na ambaye hakujua kusoma. Akaikunja hati, akampa, naye bibi akaitia kitambaani pamoja na zile nyingine, akakaza fundo.

"Endelea," akamwambia mwanawe. "Waulize habari za Chicago."